Miti ya baridi ilipopelekwa Kirehe: joto linavyobadilisha misitu ya milima yetu

KIGALI – Mwaka 2021 kambi ya Gihembe, wilayani Gicumbi, ilifungwa kwa sababu makorongo yalikuwa yakiila ardhi na nyumba zikibaki ukingoni. Wakimbizi kutoka Kongo, ambao wengine wao waliishi pale tangu 1997, walihamishiwa Mahama, wilayani Kirehe. Waliofanya safari hiyo hawahitaji mtaalamu wa hali ya hewa awaeleze tofauti. Gihembe ni mlimani, mahali pa ukungu wa asubuhi, sweta na blanketi mbili. Mahama iko chini, karibu na mto Akagera, na mchana wa kiangazi mtu hutafuta kivuli hata kama hana kazi ya kufanya chini yake.

Miaka michache kabla ya hapo, miti nayo ilifanyiwa jambo linalofanana na hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rwanda na wenzao wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, waliotesha miche ya aina 20 za miti ya asili, kisha wakaipanda sehemu tatu: Sigira, pembezoni mwa msitu wa Nyungwe, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, Rubona, upande wa Huye, kati ya mita 1,600 na 1,700, na Ibanda-Makera, mita 1,300 hivi, hukohuko wilayani Kirehe ilipo Mahama. Jumla ni zaidi ya miti 5,000. Jaribio hilo linaitwa Rwanda TREE, na miche ilishaingia ardhini kufikia mwaka 2018.

Swali lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: mti uliozoea baridi ya mlimani ukiishi kwenye joto, unafanya nini? Kati ya Sigira na Ibanda-Makera wastani wa joto hupishana kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Kwa miche ya jamii zilizozoea juu, kupandwa Kirehe ni sawa na kupelekwa katika karne ijayo bila kusubiri. Sababu ya kuwauliza miti ni kwamba mtu wa Gihembe aliweza kupanda basi, lakini msitu wa Nyungwe hauwezi. Joto ndilo linaloufuata pale ulipo.

Nchi ya baridi chini ya jua la Ikweta

Ukitaja miti ya nchi za baridi, wengi wetu tunafikiria Kanada au Finland, kule ndugu zetu waliohamishiwa nchi ya tatu wanakotutumia picha za theluji. Lakini aliyekulia Masisi, Minembwe, Kibira au Gicumbi anajua kwamba baridi ipo hapa hapa. Haitokani na majira ya mwaka, inatokana na mwinuko. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo, tuseme 0.6. Ndiyo maana Kigali, yenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, haina joto la Bujumbura, na ndiyo maana kilele cha Karisimbi, mita 4,507, huweza kuonekana cheupe asubuhi baada ya usiku wa mvua ya mawe au theluji.

Sasa tumia hesabu hiyo kinyume chake. Serikali ya Rwanda, katika mpango wake wa tabianchi wa mwaka 2020, ilieleza kwamba joto nchini limepanda kwa nyuzi 1.4 tangu 1970. Gawanya kwa 0.6 kwa kila mita 100. Utapata mita 200 na kitu. Maana yake ni kwamba hali ya hewa ambayo babu aliikuta kwenye usawa fulani wa mlima, mjukuu akitaka kuikuta ileile lazima apande mita 200 zaidi. Mti uliochipua mwaka 1970 bado uko palepale ulipochipua, lakini hali ya hewa yake imeondoka na kupanda mlima.

Kwa mmea wa shambani, hilo lina ufumbuzi: mkulima hubadili mbegu msimu ujao. Mti wa msituni unaweza kuishi miaka mia mbili. Ulizaliwa katika hali moja ya hewa na utalazimika kuzeekea katika nyingine.

Kinachotokea ndani ya jani

Jani ni jiko la mti. Linachukua hewa ya ukaa, maji na mwanga wa jua, na kupika sukari. Kazi hiyo ina joto lake inalolipenda, kama unga wa mkate unavyopenda joto la kiasi ili uumuke. Joto likiwa dogo sana, kazi ni ya polepole. Likizidi, mashine ndogo ndogo zilizo ndani ya jani huanza kulegea, huku mti ukiendelea kutumia sukari kujiendesha, kwa sababu mti nao hupumua mchana na usiku. Mapato yanapungua na matumizi yanapanda. Kila aliyeendesha nyumba kwa mgawo uliopunguzwa anaelewa hesabu hiyo.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vyao kwenye miti ya Rwanda, ikiwemo ile iliyopandwa katika shamba la miti la Ruhande, mjini Huye, lililoanzishwa miaka ya 1930. Walilinganisha miti ya asili ya milimani, kama umushwati, umuyove na umugeti, na miti ya kigeni, kama mikaratusi. Waliona kwamba miti ya asili ya msitu uliokomaa ndiyo iliyopata shida zaidi joto lilipopanda. Sababu moja iliwashangaza wengi: jani halina joto sawa na hewa inayolizunguka. Kwenye jua kali, jani pana linaweza kuwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi kadhaa.

Jani hujipoza kwa kutoa jasho. Lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji yakitoka humo kama mvuke, jani linapoa. Mti wenye majani madogo unaopitisha maji mengi hujipoza vizuri. Mti wenye majani mapana unaobana vitundu vyake ili kutunza maji hubaki na joto. Miti mingi ya msitu mzito wa mlimani haikuwahi kuhitaji ustadi wa kujipoza. Iliishi kwenye ukungu, kwenye kivuli cha majirani, na mawingu juu ya vichwa vyao karibu kila mchana. Kwa hiyo mtu anayesoma kipimajoto kituoni na kusema «leo ni nyuzi 27 tu» hajui kilichompata umushwati uliokuwa juani saa saba mchana.

Je, mti hauwezi kuzoea? Unaweza, kwa kiasi. Watafiti walipima hilo katika sehemu zote tatu za Rwanda TREE. Majani yaliyoota Kirehe yalijirekebisha kidogo kuliko yale ya Sigira, lakini marekebisho hayo hayakufikia ukubwa wa joto lenyewe. Aina fulani, hasa za msitu uliokomaa, zilibaki na nafasi ndogo sana kati ya joto la jani la kila siku na joto linaloliharibu.

Walioshinda na walioshindwa

Matokeo ya ukuaji na vifo vya miti yalichapishwa mwaka 2023, na hayasemi kwamba joto linaua kila mti. Ingekuwa hivyo, makala hii ingekuwa fupi. Yanasema kwamba joto linachagua.

Katika kila msitu kuna miti ya aina mbili kwa tabia. Ipo inayotangulia: mti mkubwa ukianguka na jua likaingia, ndiyo inayochipua kwanza, inakimbia kwenda juu, mbao zake ni laini na maisha yake si marefu. Umwungo ni mmoja wao, na umusave pia. Halafu ipo inayokuja nyuma, inayokua taratibu chini ya kivuli cha wenzake, kisha inawapita na kutawala kwa karne nzima. Umushwati na umuyove wako kundi hili. Msitu mzee unaouona ukiwa kwenye basi la Rusizi, baada ya Kitabi, umeshikwa na hawa wa pili.

Huko chini kwenye joto, miti mingi inayotangulia ilikua haraka zaidi kuliko ilivyokua Sigira. Ile inayokuja nyuma haikupata faida hiyo, na vifo viliongezeka hasa kwa miti ya jamii zilizozoea juu mlimani. Ndani ya miaka michache tu, mchanganyiko wa miti uliokuwa sawa siku ya kupanda ukawa tofauti kabisa kati ya Sigira na Ibanda-Makera. Wataalamu wanaliita badiliko hili msitu kugeuka wa kupenda joto.

Ni kweli kwamba jaribio lilitumia miche, tena iliyopandwa mahali pa wazi. Mti mkubwa ndani ya msitu mzito una mizizi mirefu na majirani wa kuukinga, na huenda utavumilia muda mrefu. Lakini mti mkubwa siku moja huanguka, na wa kuchukua nafasi yake ni mche. Hapo ndipo msitu hubadilika, na hubadilika kimya kimya. Mpita njia ataendelea kuona kijani na kusema msitu upo.

Mti unatembeaje?

Mti mmoja hautembei, lakini ukoo wake unaweza kutembea kupitia mbegu. Ndege akila tunda na kutupa mbegu juu zaidi mlimani, ukoo umepiga hatua. Miti inayotangulia ina mbegu ndogo, na ndege wengi huzipenda. Umushwati una mbegu kubwa na nzito. Huko Nyungwe watafiti waligundua kwamba wanaozisafirisha ni panya, hasa buku, ambao huzibeba na kuzifukia ardhini kama akiba, kisha huzisahau baadhi yake. Panya hasafiri mbali. Hali ya hewa imepanda mita 200 ndani ya miaka 50, na panya anabeba mbegu mpaka mwisho wa uwanja wake tu. Mche nao ukiota unahitaji miaka mingi kabla ya kuzaa mbegu za kubebwa tena.

Hata anayekwenda haraka hukuta mlima umekwisha. Nyungwe inaanzia mita 1,600 hivi na kilele chake, Bigugu, ni mita 2,950. Juu ya hapo ni anga. Kwenye Hifadhi ya Volkano milima ni mirefu zaidi, lakini kila mlima una umbo la pia iliyogeuzwa, na kadiri unavyopanda ndivyo ardhi inavyopungua. Huko ndiko iliko miti ya umugeti, yenye mashina mazito yaliyofunikwa ndevu za kuvu, ambamo sokwe wakubwa wa milimani hupumzika. Chini yake kuna mashamba ya viazi na pareto mpaka ukingoni mwa hifadhi. Msitu huo umebanwa chini na mashamba, na juu na kilele.

Mlima Kilimanjaro umetoa somo jingine, ambalo mimi naona halisemwi vya kutosha. Watu wengi wakisikia joto na Kilimanjaro wanafikiria barafu ya kileleni, na kweli barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu 1912. Wangetegemea basi kwamba miti, ikipata joto, itapanda juu. Andreas Hemp, mtafiti wa Ujerumani aliyefanya kazi mlimani hapo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba mpaka wa juu wa msitu umeshuka. Hali ya hewa ilizidi kuwa kavu, moto ukawa wa mara kwa mara, na msitu wa miti ya Erika uliokuwa juu kabisa ukaungua na kugeuka vichaka. Moto mkubwa ulirudi mlimani mwezi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022. Hoja ya Hemp ni kwamba kwa watu wanaoishi chini, hasara ya msitu ule ni kubwa kuliko ya barafu, kwa sababu ule msitu ndio uliokuwa ukikamata maji ya ukungu na kuyashusha ardhini.

Nyungwe nayo ina kumbukumbu ya moto. Mwaka 1997, katika ukame mkali, moto uliteketeza sehemu kubwa za msitu. Palipoungua paliota kangaga, wale majani wa jamii ya jimbi, wakafunika ardhi kiasi kwamba mche wa mti haukupata mwanga. Miaka mingi baadaye wafanyakazi wa hifadhi bado walikuwa wakifyeka kangaga ili miti irudi.

Maji ya Mahama yanaanzia wapi

Kuna wasomaji watakaouliza: mimi niko Mahama, napika kwa gesi, Nyungwe niliiona mara moja kupitia dirisha la basi. Umushwati ukifa, kwangu kuna nini?

Fuata maji. Mto Rukarara unatoka ndani ya Nyungwe. Wapo wanaohesabu kwamba hapo ndipo chanzo cha mbali kabisa cha mto Naili. Rukarara inaingia Mwogo, Mwogo inaungana na Mbirurume kuwa Nyabarongo, na Nyabarongo inapita pembeni mwa Kigali, ambako kituo cha Nzove kinatoa maji kwa ajili ya jiji. Kisha mto unakuwa Akagera, unapita mpakani mwa Rwanda na Burundi na baadaye Tanzania, na kambi ya Mahama inachota na kusafisha maji ya Akagera. Maji unayopanga foleni kwa ndoo yamepitia, kwa sehemu yake, kwenye mizizi ya miti ya baridi.

Msitu mzee wa mlimani hufanya kazi tatu kwa maji. Majani yake na kuvu zilizoning'inia hukamata ukungu. Udongo wake, uliojaa majani yaliyooza, hunywa mvua ya ghafla badala ya kuiacha iteremke na tope. Halafu huyaachia maji polepole wakati wa kiangazi. Msitu wa miti inayotangulia nao hufanya kazi hizo, si kwamba haufanyi. Lakini msitu ulioungua haufanyi, na mteremko usio na miti kabisa hufanya yale yaliyoonekana Gihembe.

Halafu kuna hewa ya ukaa. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Waafrika, waliripoti katika jarida la Nature kwamba misitu ya asili ya milima ya Afrika imehifadhi wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta, kiasi kikubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kaboni hiyo imo hasa katika miti mikubwa yenye mbao nzito, yaani ile inayokuja nyuma. Ikibadilishwa na miti ya mbao laini, sehemu ya kaboni inarudi angani na kuongeza joto lilelile.

Kule kwenye theluji halisi

Ndugu walioko Kanada, Sweden au Alaska wanaishi karibu na msitu mwingine wa baridi, ulio mkubwa kuliko yote duniani, unaozunguka kaskazini ya dunia kupitia Urusi na Finland. Sehemu za karibu na ncha ya kaskazini zimepata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Kule mti una tatizo ambalo wa kwetu haulijui: ni lazima ulale. Majira ya baridi yakikaribia, huacha kukua na kujiandaa kwa kuganda. Joto likija mapema kuliko kawaida, unaamshwa, unafungua machipukizi, kisha baridi inarudi usiku mmoja na kuyaua.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha mwerezi wa njano, mti wa Alaska na magharibi ya Kanada. Umekuwa ukikauka kwa wingi, na uchunguzi ulionyesha kwamba mizizi yake inakufa kwa kuganda. Dunia inapata joto, mti unakufa kwa baridi! Maelezo yake ni theluji. Mizizi ya mti huu iko juu juu ya ardhi, na zamani theluji nene iliifunika kama blanketi. Sasa theluji imepungua, na usiku mmoja wa baridi kali unaikuta mizizi ikiwa uchi.

Baridi pia ilikuwa mlinzi. Katika jimbo la British Columbia kuna mbawakawa mdogo anayetoboa magome ya misonobari. Majira makali ya baridi yalikuwa yakiua viluwiluwi wake wengi kila mwaka. Baridi ilipolegea, kuanzia miaka ya 1990, wadudu hao walienea katika eneo la hekta zipatazo milioni 18, eneo ambalo ni karibu mara saba ya Rwanda nzima. Sweden, baada ya ukame wa 2018, ilishambuliwa na ndugu wa mdudu huyo. Na mwaka 2023 Kanada iliunguza misitu yake kuliko mwaka wowote uliorekodiwa, takribani hekta milioni 15. Mwezi Agosti mwaka huo watu wapatao 20,000 wa mji wa Yellowknife waliambiwa waondoke, wengine kwa magari na wengine kwa ndege, wakiwa na mfuko mmoja mmoja. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa siku ya namna hiyo ikoje.

Mche upi, na wapi

Rwanda inapanda miti mingi, katika Umuganda, shuleni, kandokando ya kambi na katika miradi kama Green Gicumbi, uliofadhiliwa na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani na uliohusika pia na mmomonyoko wa miteremko. Wakimbizi na wenyeji hushika majembe pamoja. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunahesabu miche iliyopandwa na si iliyopona, na tunachukua mche wowote uliopo kitaluni.

Yaliyoonekana Kirehe yana maana ya moja kwa moja kwa mwenye jembe. Mche wa jamii ya juu mlimani, kama umugeti au umushwati, usiutarajie ustawi Mahama au Nyabiheke hata ukimwagiliwa. Huko chini panda ile iliyozoea joto: umusave, umuvumu, umunyinya. Ukiwa Kigeme, Kiziba au Gicumbi, miti ya juu bado inakubali, lakini si busara kuijaza peke yake mteremko mzima. Changanya na ile ya usawa wa kati, ili baada ya miaka 40 pawe na kitu kilichosimama. Mikaratusi hustahimili joto na hutoa kuni haraka, hilo halina ubishi, na familia nyingi za wenyeji huitegemea. Karibu na chemchemi, hata hivyo, haifai, kwa kuwa ina kiu kubwa na majani yake yanafanya mimea mingine isote chini yake.

Miti inayokuja nyuma haipendi kuanzia juani. Ukiupata mche wa umuyove, upande kwenye kivuli chepesi cha mti mwingine unaokua haraka, uweke majani makavu kwenye shina ili udongo usikauke, na uukinge na mbuzi miaka miwili ya kwanza. Upande mvua zikiwa zimeshika, kuanzia Oktoba hivi, na si siku ya mvua ya kwanza, ambayo mara nyingi hudanganya.

Na kabla ya kubeba mche kutoka kitaluni, muulize mwenye kitalu mbegu ilitoka wapi. Mti wa aina moja unaweza kuota mita 1,500 na pia mita 2,300, na mbegu za mahali hapo pawili hazina mazoea sawa. Kwa shamba lililo Kirehe, chagua iliyookotwa chini. Kama hajui, nenda kitalu cha pili.